Asmahani na Mwanamke wa Maswali

Miezi minne baada ya kumzika mama yake, Asmahani Saady alianza kupotea akiwa amesimama palepale.

Angekuwa dukani kwake, jirani na soko la Kibondo, anampimia mteja kitenge, kisha macho yangetua kwenye ua moja la kitambaa yasirudi. Mteja angesubiri. Angekohoa. Angesema, "Mama Firdausi, upo?"

"Nipo," angejibu, naye hayupo. Alikuwa mahali penye ukungu, kama zile asubuhi za Kibondo ambazo vilima havionekani na sauti za watu zinafika kabla ya watu wenyewe. Huko hakukuwa na uchungu. Hakukuwa na kitu, na kwa sababu hakukuwa na kitu, hakuwa na haraka ya kurudi.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Babu yake mzaa baba alikuja bara kutoka Pangani na mabunda ya nguo, akapita Ujiji, akakomea Kibondo kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alichoka kutembea. Mama yake, Bi Zena, alikuwa Muha wa Busunzu aliyesilimu alipoolewa, na mpaka anafariki aliswali kwa Kiarabu na kugombeza kwa Kiha. Kiharusi kilimpiga Bi Zena upande wa kulia, wakati huo Asmahani akiwa na miaka thelathini na sita. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, kila ilipotimia saa kumi alasiri, Asmahani alifunga duka, akaenda nyumbani, akachemsha maji, akamwogesha mama yake, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni, mabegani na visiginoni. Bi Zena hakupata kidonda hata kimoja cha kitandani. Muuguzi mmoja aliyekuja kumtazama alisema hajawahi kuona hali hiyo kwa mgonjwa wa muda mrefu namna ile. Asmahani hakulitia maanani neno hilo. Kwake ilikuwa kazi ya kila siku, kama kufagia uwanja.

Sasa saa kumi ilipofika miguu ilimchukua yenyewe. Alijikuta chumbani kwa mama yake, kitanda kitupu, beseni la maji ya uvuguvugu mikononi. Siku moja alisimama hivyo mpaka maji yakapoa. Mumewe, Abdalah, aliyekuwa na duka la spea za baiskeli na hakuwa mtu wa maneno mengi, alimkuta pale. Alilipokea beseni taratibu, akatoka nalo nje, akamwagilia mchicha.

Jioni hiyo Abdalah alimpigia simu binti yao Firdausi, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, na Firdausi akaomba kuongea na mama yake.

"Mama, kwa nini usitafute kocha wa maisha?"

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Abdalah akanyanyua kichwa. "Kocha? Atampanga namba ngapi?"

Wakacheka wote watatu, na Asmahani akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe, maana alikuwa ameshakisahau.

"Baba, usitanie," Firdausi akasema. "Ni mtu wa kukaa naye. Anakuuliza maswali, anakusikiliza, mnaangalia pamoja unataka kwenda wapi."

"Mimi sitaki kwenda popote, mwanangu."

"Ndiyo hapo sasa, mama. Ndicho ninachokiogopa."

Firdausi ndiye aliyeona tangazo la semina Kasulu, ukumbini, siku nzima, mtaalamu wa mafanikio kutoka Dar. Akamlipia mama yake kiingilio kabla hajakataa. Basi Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja Asmahani alivaa baibui lake jipya akaenda Kasulu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na ardhi ilikuwa nyekundu kama imetoka kupakwa rangi. Mbali juu ya miteremko watu walipanda maharage, wameinama, wadogo, wasio na sauti, na kwake ilikuwa kama wanapanda ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Ukumbini kulikuwa na kelele. Mtaalamu alivaa suti ya bluu inayong'aa, akaruka jukwaani, akawaambia wasimame wote na kumshika jirani bega. "Mwambie jirani yako: mimi ni mshindi!" Watu mia mbili wakapiga kelele. Asmahani akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Alijiona kama mtu anayeimba wimbo wa harusi kwenye nyumba asiyoijua, akakusanya mkoba wake na kupenya kuelekea mlangoni.

Pale mlangoni alikuwepo mwanamke aliyeandikisha majina asubuhi, mwembamba, nywele amesuka mistari, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Mama, unatoka mbele ya kunywa chai?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo.

"Kelele zimenichosha."

"Ulikuya kutafuta nini?"

Asmahani akasimama. Tangu msiba watu walikuwa wamemwambia mengi: avumilie, ashukuru, amwombee marehemu, apumzike, asipumzike sana. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini.

"Sijui," akasema.

"Bon, sawa. Hiyo pia ni jibu." Mwanamke akachana kipande cha karatasi, akaandika namba. "Mimi ni Nadège. Hapa niko nasaidia tu kuandika majina. Lakini niko nafanya kazi ya kusikiliza batu, bila mikro kama ile ya jukwaani. Usinipigie leo. Fikiri kwanza."

Asmahani akafikiri wiki tatu.

Alifikiri akikunja vitenge, akifunga duka, akitawadha. Kuna wakati aliona ni upuuzi mtupu: mwanamke mzima, Mwislamu, mwenye mume na watoto watatu wazima, aende kumweleza mgeni mambo ya moyoni mwake kama anayesoma orodha ya bidhaa. Kisha ingefika saa kumi, na ukungu ungepanda tena kutoka sakafuni.

Abdalah alijua anafikiri nini. Siku moja wakiwa wanakunywa chai ya alfajiri alisema bila kumtazama, "Yaani mambo ya nyumba hii ayasikie mtu wa Kasulu."

"Si mambo ya nyumba. Ni yangu."

"Kwani mimi sikusikilizi?"

Asmahani aliweka kikombe chini. Aliona jinsi alivyoumia, akatafuta namna ya kusema kweli bila kumkata.

"Unanisikiliza, Baba Firdausi. Lakini nikilia unaogopa. Na mimi nikikuona umeogopa, nanyamaza."

Abdalah alikizungusha kikombe chake mezani. Halafu akasema, "Kweli naogopa." Akamalizia chai yake, akaenda kazini.

Ndipo Asmahani alipokwenda kwa Ustadh Shamsi. Ustadh huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, aliyemfundisha mtoto wake wa mwisho madrasa, na Asmahani alimwendea kwa sababu alikuwa na tabia ya kukiri asichokijua. Akamweleza kuwa yuko njia panda na anataka kuswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu amchagulie lililo na heri.

"Swali, mama," Ustadh alisema. "Lakini usikae ukingojea ndoto kama watu wanavyodhani. Ndoto inaweza kuja, inaweza isije. Angalia moyo wako unaegemea wapi, na njia ipi inakuwa nyepesi."

Aliswali rakaa mbili asubuhi, jua likiwa limeshapanda, akasoma dua yake polepole, akajilaza kwenye mkeka. Na ndoto ikaja.

Alikuwa akipanda mtaa wa Kibondo, lakini mtaa haukuwa na mtu. Milango yote ilikuwa vitenge vilivyotundikwa, vya kijani, vya manjano, vya bluu, vikivimba na kunywea kama vifua vya watu waliolala. Alijua kuwa nyuma ya kila kitenge kuna mtu anapumua. Aliogopa kugusa. Akatembea mpaka mlango wa mwisho, kitenge chake kikajifungua chenyewe, na nyuma yake akamkuta mama yake amesimama. Amesimama kwa miguu yote miwili. Mkono wa kulia, ule uliokufa, ulikuwa umejaa karanga mbichi, na alikuwa anazimenya kwa kidole gumba kimoja haraka haraka kama msichana. "Mwakeye," Bi Zena akamwamkia, ile salamu ya asubuhi ya Kiha. Kisha akamtazama juu hadi chini na kuuliza, "Umekula?"

Basi. Hapo akaamka.

Alingojea ndoto nyingine siku tatu. Haikuja. Akarudi kwa Ustadh akiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyeomba ushauri mkubwa akapewa mdogo.

"Aliniuliza kama nimekula. Hakusema lolote juu ya kocha."

"Na ulikuwa umekula?"

Asmahani akafikiri. "Hapana. Tangu jana yake mchana."

Ustadh Shamsi alitabasamu. "Mama yangu, mimi si mfasiri wa ndoto. Lakini swali hilo ni la kweli, lijibu kwanza."

Akaenda nyumbani akapika ugali wa muhogo na maharage, akala mpaka akashiba, na baada ya kula akampigia Nadège.

Nadège aliishi Kasulu mjini. Alikuwa amelelewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu akiwa mtoto wa mikononi, baadaye akaolewa na fundi wa umeme Mtanzania. Chumba chake cha kazi kilikuwa kibaraza kilichozungushiwa mabanzi, na juu ya mabanzi mkarakara, mmea wa pasheni, ulikuwa umetambaa mpaka paani, hivyo mwanga ulioingia ulikuwa wa kijani, ukitikisika, kama mwanga wa chini ya maji. Asmahani alipoketi alihisi kuwa hata sauti yake itatoka ya kijani.

"Leo hatuanzi kazi," Nadège alisema. "Leo unaniuliza wewe. Mutu asimupe mwengine moyo wake bila kumuuliza."

Asmahani hakuwa amejiandaa, lakini alikuwa mfanyabiashara. Alijua kukagua kitambaa kabla ya kukinunua.

"Nani alikufundisha?"

"Kambini nilifanya na shirika moja miaka sita, kusikiliza wamama. Kisha nikasoma kwa simu miezi nane, wakanipa karatasi, ile pale ukutani. Lakini karatasi ni karatasi."

"Yale nitakayokuambia yatakwenda wapi?"

"Yatabaki hapa. Isipokuwa ukiniambia unataka kujiua ama kuua mutu. Hapo sitanyamaza, na nitakuambia wewe kwanza."

"Na wewe, nani anakusikiliza?"

Nadège akainua uso. Akavua miwani. "Kuna mama mumoja wa Kigoma. Kila mwezi ninaenda kwake. Asante kwa kuuliza. Batu hawaniulizagi."

"Itachukua muda gani?"

"Mara sita. Kisha tunaangalia. Kama hakuna kitu kimebadilika, unaniacha." Akataja malipo yake kwa kila kikao, bei moja, bila kuzunguka. "Na sitakuambia ufanye nini. Ukitaka mutu wa kukuamulia, mimi si huyo."

Halafu zamu ikageuka. Nadège akauliza kama analala. Kama anakula. Kama amepungua. Kisha, kwa sauti ileile ya kawaida kama anayeuliza bei ya nyanya, "Umeisha kuwaza kufa?"

Upepo ukapita kwenye mkarakara na mwanga wote ukasogea.

"Kufa, hapana," Asmahani akasema. "Kulala. Kulala nisiamshwe kwa muda mrefu."

Nadège akafunga daftari. "Bon. Mama, sitachukua pesa yako leo. Utaenda hospitali, utawaambia hiyo yote, hata hiyo ya kulala. Wakuangalie damu, wakuangalie na akili. Mimi si munganga wa hospitali. Wakisema uko sawa kwa kazi yetu, urudi. Wakisema kuna ugonjwa, wao watangulie."

Asmahani akarudi Kibondo amekasirika. Alikuwa amesafiri njia yote hiyo ili aambiwe aende hospitali iliyo umbali wa kutupa jiwe kutoka dukani kwake! Lakini kabla hasira haijafika mwisho, kitu kingine kikaibuka chini yake, kikakaa pale kimya. Yule wa ukumbini asingempeleka popote. Angemuuzia tiketi nyingine. Mwanamke huyu alimjua mteja wake ni nani na alijua pia ni nini hakipo dukani kwake. Kufika nyumbani alikuwa ameshaamua, ingawa alijiambia bado.

Hospitali walimpima. Damu ilikuwa chini sana. Daktari, mama wa makamo, aliongea naye kwa utulivu karibu saa nzima, akasema huzuni yake ni ya msiba, ni nzito lakini inatembea. Akampa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Alipomuuliza juu ya Nadège, daktari alisema haoni ubaya, mradi vidonge visiachwe.

Hapo Asmahani akamwambia mumewe, "Nitakwenda. Mara sita, kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Nikirudi nitakuambia nitakachotaka kukuambia, na kingine nitabaki nacho."

Abdalah aliitikia kwa kichwa. "Alhamisi nitalikalia duka lako," akasema. "Ila sijui kupima vitenge."

"Utajifunza."

Vikao viwili vya kwanza alisema mambo madogo madogo. Alisimulia bei za nguo, mchicha, ukungu. Nadège aliandika mara chache na kunyamaza mara nyingi, na kunyamaza kwake kulikuwa na nafasi, kama chumba kilichofagiliwa. Njiani kurudi Asmahani alikuwa akisinzia dirishani, na kati ya kusinzia na kuamka alisikia majibu ambayo hakuyatoa.

Kikao cha tatu Nadège akamuuliza, "Katika miaka ile kumi na mumoja, ulijifunza nini?"

"Sikujifunza kitu. Nilikuwa namwuguza mama."

"Namna gani?"

"Namna gani vipi? Kama watu wote."

"Nionyeshe."

Kulikuwa na godoro dogo kibarazani na mto mrefu. Asmahani, akicheka kwa aibu, akaushika mto ule kama mtu. Akaeleza kuwa mgonjwa humvuti kwa mkono, utamtegua bega. Unamkunja goti la upande wa mbali, unashika nyonga na bega pamoja, unamwegemeza kwako, anakuja mwenyewe. Akaonyesha pa kuweka kitambaa kilichokunjwa ili kisigino kisiguse kitanda. Akaeleza unavyoijua ngozi inayotaka kuchubuka siku mbili kabla haijachubuka, kwa joto lake kwenye kiganja. Kwamba mgonjwa asiyeweza kusema, anasema kwa vidole vya miguu. Kwamba unapomwosha unamfunika upande usiouosha, maana hata aliyepooza ana haya. Mikono yake ilikwenda yenyewe, haraka, bila kukosea, na yeye aliitazama kama mikono ya mtu anayemheshimu.

Aliponyamaza, jua lilikuwa limehama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Akagundua kuwa uso wake wote umelowa. Nadège hakumwambia anyamaze. Hakuogopa. Alikaa tu.

"Sijui kama nalia kwa ajili ya mama," Asmahani akasema hatimaye. "Au kwa ajili ya hii mikono."

"Si lazima ujue leo."

Siku tisa baadaye, mwanamume mmoja kutoka Busunzu aliingia dukani kununua shuka laini. Jina lake lilikuwa Pasikali. Akasema ni za baba yake, Mzee Niyomwungere, aliyeanguka kutoka juu ya paa na hajainuka tangu mavuno. Mgongo umeanza kutoka vidonda, na shuka ngumu zinamuumiza.

Asmahani alikuwa ameshashika kitambaa. Akakiweka mezani.

"Mnamgeuza mara ngapi kwa siku?"

Pasikali akamtazama bila kuelewa. "Kumgeuza?"

Kesho yake Asmahani akaenda Busunzu. Aliingia kwenye chumba chenye giza, akamsalimia mzee kwa Kiha cha mama yake, akaomba ruhusa kumwona mgongo. Akaona. Akamwambia Pasikali waziwazi kuwa vidonda vile ni vya kupelekwa zahanati, tena leo. Yeye si muuguzi. "Lakini ili visiongezeke vingine, hilo naweza kuwaonyesha." Akamwonyesha Pasikali, na mke wake, na dada zake wawili, kila mmoja akamgeuza mzee kwa zamu huku yeye akiweka mikono yao panapostahili. "Ego, mama. Ego," Pasikali akawa anaitikia kwa Kiha, yaani ndiyo. Mzee naye, alipolazwa upande wa kushoto kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaona dirisha ambalo lilikuwa nyuma yake muda wote, akauliza kwa mshangao nani amepanda mahindi pale.

Habari ikatembea. Akaitwa nyumba nyingine Busunzu, kisha Kibondo mjini, kisha kwa jirani wa muuguzi mmoja wa hospitali, na muuguzi huyo baada ya kumwona kazini alimwomba awe anakaa na ndugu za wagonjwa kabla hawajaruhusiwa, awafundishe. Si kila nyumba ilimpokea. Moja walimfungia mlango, wakidhani anauza dawa. Bi mmoja mgonjwa aliyemwogesha asubuhi alifariki usiku wa siku hiyo, na Asmahani alirudia ukungu wake kwa wiki nzima. Alilisema hilo kwenye kikao cha tano, na kikao cha tano kiliishia hapo.

Kikao cha sita Nadège alimuuliza kama anataka waendelee.

Asmahani aliufikiri moyo wake unaegemea wapi. "Hapana," akasema. "Si kwa ubaya. Nimefika pa kuweza kwenda peke yangu. Nikipotea nitakupigia."

Nadège akacheka, meno yote nje. "Wengi wanaogopaga kuniambia hivyo. Ni neno lile niko nalingojea."

Wakala pamoja wali na samaki wa Kigoma, na Nadège akamwelezea njia ya kuotesha mkarakara kwa kipandikizi.

Siku hizi duka la vitenge linafungwa kila Jumatano. Jumatano moja ya mwezi wa nne Asmahani alikuwa Mabamba, kwenye nyumba ya mwisho kabla bonde halijashuka kuelekea mpakani. Alikuwa amemaliza kuwafundisha wasichana wawili kumkalisha bibi yao kitandani bila kumwumiza, na bibi, akiwa ameketi kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ya majirani zake Waislamu, alikuwa akiwagombeza wote kwa furaha. Asmahani akatoka nje kungoja Abdalah aje amchukue. Wasichana wakamletea viazi vitamu vya moto kwenye sahani. Vilima vya Burundi vilikuwa karibu, vya bluu, kimoja nyuma ya kingine, na moshi wa jiko la mtu wa upande ule ulikuwa ukivuka bonde bila kuulizwa pasi ya kusafiria. Akamenya kiazi kimoja, akapuliza, akala. Halafu akamenya cha pili.